SELOUS: MWINDAJI ALIYELIACHIA PORI JINA LAKE

Katika mdahalo wa chama chetu muhula uliopita hoja ilikuwa kwamba uwindaji wa burudani wenye leseni unasaidia kuhifadhi wanyamapori. Wa kuunga mkono walilitaja sana pori la Selous lililoko Tanzania. Wa kupinga nao wakalitaja hilo hilo. Lakini huyo Selous alikuwa nani hasa? Hapana aliyetueleza. Basi nimeona niwaletee maisha yake, kwani ndani yake mna jawabu zaidi kuliko katika yale makofi tuliyopigiana.

Frederick Courteney Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851, katika nyumba ya watu wenye nafasi zao. Baba yake alikuwa mkubwa katika soko la hisa la mji huo. Kijana hakutaka hisa, alitaka pori. Alipokuwa na miaka 15 aliponea chupuchupu: Januari 1867 watu walikuwa wakiteleza juu ya ziwa lililoganda huko Regent's Park, barafu ikavunjika, wakafa watu 40. Yeye alilala kifudifudi akatambaa vipande kwa vipande mpaka ukingoni. Sisi ambao barafu tunaijua ile ya kutia kwenye sharubati tu, hatuna budi kuamini.

Mwaka 1871 alitua Afrika Kusini na pauni 400, umri wake miaka 19. Mwaka uliofuata akafika kwa Lobengula, mfalme wa Wandebele, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, kumwomba ruhusa ya kuwinda ndovu. Mfalme alimcheka kwa kumwona mtoto, lakini ruhusa akampa. Tuliangalie jambo hili vizuri. Leseni ya kwanza ya mwindaji huyu mashuhuri ilitoka kwa Mwafrika mwenye nchi yake. Ila haikuwa na idadi.

Basi Selous akaingia kazini. Kwa kuwa mbung'o waliwaua farasi, alikwenda kwa miguu, na bunduki nzito ya kushindilia baruti. Katika misimu mitatu aliua ndovu 78, pembe zikauzwa. Wala hakuwa peke yake; wawindaji walikuwa wengi, Wazungu kwa Waafrika. Ilipoingia miaka ya 1880 ndovu walikuwa wameadimika hata biashara yenyewe haikulipa tena. Hapo ndipo alipogeuza kazi, akawa mkusanyaji wa wanyama na ndege kwa ajili ya majumba ya makumbusho. Wapo wanaosema alipenda elimu, na kweli aliipenda, maana vitabu vyake vimejaa maelezo ya tabia za wanyama ambayo wataalamu waliyathamini. Lakini mimi naona ndovu ndio waliomfundisha, kwa kwisha kwao.

Sehemu inayofuata haipendezi. Mwaka 1890 aliwaongoza njia watu wa Cecil Rhodes kuingia Mashona, na vita vya 1893 vilipomwondoa Lobengula katika ufalme wake, Selous alikuwa upande wa wavamizi. Nchi ya mtu aliyempa ruhusa ikachukuliwa. Wanaomsifu huipita habari hii mbio mbio.

Uzeeni alianza kusema mengine. Mwaka 1903 mabwana wa Kiingereza waliunda chama cha kuhifadhi wanyama wa pori katika makoloni yao, naye akawa mwanachama. Wengi wao walikuwa wawindaji, kwa hiyo watu wakawatania kuwa ni wachinjaji waliotubu. Hata hivyo toba yenyewe ilikuwa na kasoro yake. Mwaka 1909 Selous alisafiri meli moja na Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, mpaka hapa Mombasa. Roosevelt na mwanawe waliua wanyama 512 katika safari ile, wengi wakapelekwa makumbusho. Na huyu ndiye rais aliyetenga mbuga na hifadhi nyingi kwao! Ukitaka kumwelewa mwindaji mhifadhi, shika mambo hayo mawili kwa pamoja, usiliache hata moja.

Vita Vikuu vya kwanza vilipozuka, mzee wa miaka 60 na ushei akajiandikisha, akaletwa Afrika Mashariki mwaka 1915. Tarehe 4 Januari 1917, akiwa na miaka 65, alipigwa risasi na askari wa upande wa Wajerumani huko Beho Beho, karibu na mto Rufiji, akazikwa papo hapo. Mwanawe Freddie, rubani wa ndege za vita, aliuawa tarehe ile ile mwaka mmoja baadaye.

Mwaka 1922 Waingereza walilipa pori lile jina lake. Lakini sheria za uwindaji zilikuwako tangu 1896, wakati wa gavana wa Kijerumani von Wissmann, na baadaye watu wengi walihamishwa ili wanyama wapate nafasi. Ukubwa wake ulipita kilomita za mraba 50,000, yaani kama mara nane ya Kaunti yetu ya Lamu. Lilikatwa vitalu, wageni wakalipia kuwinda kwa idadi maalumu.

Je, ilisaidia? Mwaka 1976 ndovu walizidi 100,000. Majangili wakawapunguza hadi chini ya theluthi kufikia mwisho wa miaka ya 1980, na leseni zikiwapo. Katika miaka ya 1990 ukaletwa mpango wa kuacha nusu ya fedha za uwindaji porini humo humo, zilipie magari, mafuta na askari. Ndovu wakaongezeka kweli. Mpango ulipolegea, majangili wakarudi, na hesabu ya 2013 ikapata ndovu kama 13,000 tu. Mwaka 2014 UNESCO ikalitia pori katika orodha ya urithi ulio hatarini, na 2019 sehemu kubwa ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambamo hawindwi mnyama. Kumbe bunduki ya mgeni haikuwa na maana kubwa kama fedha yake ilivyoingia mfuko gani.

Nao waliopinga wasifurahi upesi. Kenya yetu ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977. Ndovu waliokadiriwa 167,000 mwaka 1973 walibaki kama 16,000 mwaka 1989, na utafiti uliotolewa 2016 ulionyesha kwamba wanyamapori wa nyanda zetu za malisho walipungua kwa asilimia 68 tangu 1977. Ujangili, mashamba, nyua na mifugo havikungoja leseni. Ndovu wameongezeka tena, 36,280 katika hesabu ya 2021, lakini kwa askari na gharama kubwa.

Sisi wa Kililana hatuyatazami haya kwa mbali. Kulikokuwa na mashamba na msitu sasa kuna bandari, na gati lake la kwanza lilifunguliwa 2021. Kaskazini yetu kuna hifadhi za Boni na Dodori zilizotengwa 1976. Humo na kandokando yake ndiko kwa Waaweer, tunaowaita Waboni, ambao kuwinda kwa upinde hakukuwa burudani, kulikuwa chakula. Walikuwa na sheria zao za msitu kabla ya von Wissmann kuzaliwa. Kitalu hawana, cha leseni hawakupata kitu, na tangu 1977 anayetega paa kwa kitoweo ni jangili mbele ya sheria. Kilichobaki mikononi mwao ni asali, nayo wanaendelea kuirina.