Woo Jang-choon: Aliyejua asili ya mboga akarudi nyumbani bila lugha

Niliporudi nchini kutoka Tanzania nilikozaliwa, watu walinitambua kwa lafudhi kabla sijamaliza salamu. Huku niliitwa Mtanzania, na kule nilikotoka niliitwa mkimbizi. Ndiyo maana nilipozisoma habari za Woo Jang-choon sikuweza kuziacha. Nakuletea leo, ndugu msomaji, hasa wewe unayevuka mpaka alfajiri na magunia ya mboga, maana bwana huyu aliijua asili ya mzigo wako.

Woo alizaliwa Japani mwaka 1898. Mama yake alikuwa Mjapani. Baba yake, Woo Beom-seon, alikuwa ofisa wa jeshi la Korea aliyekimbilia Japani baada ya kuhusishwa na njama ya kumwua Malkia Min mwaka 1895. Mwaka 1903 baba huyo naye aliuawa na Mkorea mwenzake, mtoto akiwa na umri wa miaka mitano. Mama alibaki katika dhiki, na kwa muda mtoto akalelewa katika kituo cha yatima.

Kwa Wajapani alikuwa Mkorea, na kwa Wakorea alikuwa mtoto wa msaliti. Hata hivyo alisoma kilimo Tokyo, akamaliza mwaka 1919, kisha akaajiriwa katika kituo cha utafiti cha serikali. Maandishi yake aliyatia jina la ukoo wa baba yake, ambalo Wajapani hulitamka U.

Sasa tuje kwenye mboga. Ndani ya kila chembe hai mna nyuzi ndogo ziitwazo kromosomu, ambazo hubeba urithi. Katika mbegu ya uzazi, Chainizi ina kromosomu 10, kabichi na sukuma wiki zina 9, na haradali nyeusi ina 8. Lakini mmea unaotoa mafuta ya kanola una 19. Je, 19 imetoka wapi? Jumlisha 10 na 9.

Mtaalamu Morinaga Toshitaro alikwisha kuhesabu nyuzi hizo na kuona jinsi zinavyojipanga. Mmea wa 19 ukizalishwa na Chainizi, nyuzi 10 hupata wenzake na 9 hubaki pweke. Woo akaenda mbali zaidi. Alichukua mmea wa jamii ya Chainizi na wa jamii ya kabichi, akavichanganya, akaupata mmea ule wa 19 kwa mikono yake. Kwa kawaida mtoto wa aina mbili huwa tasa, kama nyumbu alivyo mtoto wa punda na farasi. Lakini nyuzi zake zikijirudufu, kila moja hupata mwenzake, na mmea huzaa vizuri.

Alitangaza matokeo hayo mwaka 1935. Alizipanga mboga hizo katika pembetatu: wazazi watatu pembeni, na watoto watatu katikati yao. Mmoja wa watoto hao ni haradali ya Ethiopia, yenye kromosomu 17, yaani 8 na 9. Ndiyo ile mboga iitwayo loshuu huko Arusha na kanzira nchini Kenya. Wataalamu wengi walizoea kufikiri kwamba aina mpya hutokea pale moja inapogawanyika. Woo akaonyesha kwamba hata mbili zikiungana huzaa aina mpya iliyo kamili. Mwaka 2014, wanasayansi waliosoma urithi wote wa mmea wa kanola waliwakuta wazazi wale wale wawili.

Baada ya Korea kujitenga na Japani mwaka 1945, wakulima wake walikosa mbegu zilizokuwa zikitoka huko. Wakamwita Woo. Mwaka 1950 alikwenda, akimwacha mama, mke na watoto Japani. Kikorea hakukijua vizuri. Miezi michache baadaye vita vikaanza. Akabaki Busan, akazalisha mbegu za kabichi na figili, na mbegu za viazi zisizo na magonjwa.

Mwaka 1953 mama yake alifariki. Serikali ilimnyima ruhusa ya kwenda kumzika. Rambirambi alizopewa akachimbia kisima katika kituo chake, kwa kumkumbuka mama huyo.

Alifariki Agosti 1959, siku chache baada ya kupewa nishani ya taifa akiwa kitandani. Hadi leo pale Busan pana jumba la kumbukumbu yake, na kisima kile kimehifadhiwa.

Mimi mama yangu alizikwa ng'ambo ya mpaka, na nilipewa ruhusa ya kwenda kumzika. Nilipokuwa nasoma habari za kisima kile, nilijua kwamba Woo alikosa kitu ambacho mimi nilikipata bila hata kukishukuru.