Nafuu Si Kupona

Annalena Tonelli, mlei Mkatoliki aliyezaliwa Italia mwaka 1943, hakuolewa, lakini ameziachia ndoa zetu funzo. Huko Wajir, wafugaji wenye kifua kikuu waliacha dawa mara walipopata nafuu, wakafuata mifugo, ugonjwa ukarudi. Mwaka 1976 alianzisha manyatta ya wagonjwa. Walijenga vibanda vyao hapo, wakameza dawa kila siku wakitazamwa, miezi mfululizo. Wengi wakapona. Baadaye Shirika la Afya Duniani lilihimiza dawa kumezwa mbele ya shahidi. Annalena aliuawa Borama mwaka 2003, akiwa bado anawauguza wagonjwa.

Bwana, bibi, shahidi wa mwenzako ni wewe. Mletee maji, keti naye mpaka ameze.