Django Reinhardt: mpiga gitaa aliyejifunza upya kwa vidole viwili

Django Reinhardt alizaliwa Januari 23, 1910 huko Liberchies, nchini Ubelgiji, katika familia ya Wamanouche, watu wa kuhamahama. Akiwa kijana mdogo alikuwa tayari anapiga banjo katika dansi za Paris.

Usiku mmoja wa mwaka 1928, mshumaa uliwasha maua ya bandia ambayo mke wake alitengeneza kwa kuuza. Moto ukateketeza nyumba yao ya magurudumu. Django, mwenye miaka 18, aliungua vibaya. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na kile kidogo, vikapinda.

Alikaa miezi mingi akitibiwa. Ndugu yake Joseph akamletea gitaa, naye hakungoja kupona ndipo aanze mazoezi. Alitafuta njia mpya: solo kwa vidole viwili vizima, na vile vilivyopinda kusaidia kwenye akodi tu.

Mwaka 1934, pamoja na mpiga fidla Stéphane Grappelli, alianzisha Quintette du Hot Club de France, kundi la jazi lisilokuwa na ngoma wala tarumbeta.

Alifariki Mei 16, 1953, akiwa na miaka 43. Hadi leo, wapiga gitaa wenye vidole vyote hutoa jasho kuiga solo zake.