MTAKATIFU JEAN-BAPTISTE DE LA SALLE, BABA WA WALIMU

Wapenzi wakatekumeni, kila juma mnakaa mbele ya mwalimu anayewaongoza katika njia ya Mungu. Basi, sikieni habari za mtu aliyewafundisha walimu wenyewe namna ya kupatana na wenzao na watoto.

Jean-Baptiste de La Salle alizaliwa Reims, mji wa Ufaransa, tarehe 30 Aprili 1651, katika jamaa yenye mali. Mwaka wa 1667, angali kijana, alifanywa kanoni, maana yake mmoja wa baraza la kanisa kuu la askofu. Cheo hicho kilimpa heshima na mapato. Mwaka wa 1678 akapewa upadri.

Mwaka wa 1679 alifika Reims mlei mmoja, Adrien Nyel, ili kufungua shule za bure kwa wavulana maskini. Padri akamsaidia. Lakini Nyel alikuwa mtu wa safari. Alikwenda mji hata mji, na walimu wake wakabaki peke yao. Walikuwa wageni katika kazi hiyo, wala hawakuwa na kanuni moja.

Hapo kwanza Padri aliwahesabu moyoni kuwa chini ya mtumishi wa nyumba yake. Hata hivyo aliwaonea huruma, akawaita mezani pake. Na tarehe 24 Juni 1681 akawapokea wakae nyumbani mwake. Jamaa zake walikasirika sana, wakaona ni aibu. Walimu nao, wengi wao, hawakuvumilia utaratibu, wakaenda zao. Padri hakukata tamaa. Wakaja wengine.

Hao wapya wakaingiwa na hofu: wakiugua au kuzeeka, nani atawalisha? Padri akawahimiza wamtumainie Mungu, anayewalisha ndege wa angani. Wakamjibu waziwazi kwamba yeye ana mali na cheo. Shule zikianguka, yeye hatalala njaa. Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Hakuwakemea. Alisali, akaomba shauri, kisha akatenda. Mwaka wa 1683 aliacha ukanoni, akamwachia padri maskini, wala si ndugu yake wa damu. Njaa ilipoingia mwaka wa 1684, aligawa mali yake kwa kuwapa maskini mkate. Tangu hapo walimu walimsadiki, kwa maana alikula walichokula wao. Wakaitana Ndugu, ndiyo asili ya Shirika la Ndugu wa Shule za Kikristo.

Aliwafunza pia kukaa vema na wanafunzi. Mwalimu ajue tabia ya kila mtoto: mwoga atiwe moyo, mkaidi azuiwe. Asimtukane mtoto wala kumpa jina la dharau. Mtoto asipofika, sababu itafutwe. Asipokee zawadi ya wanafunzi wala ya wazazi, ili tajiri na maskini wawe sawa mbele yake. Watoto waanze kusoma kwa Kifaransa, lugha waliyoisikia kila siku, si kwa Kilatini. Na kila siku mwalimu awaombee.

Walimu waliotoza ada huko Paris walimshtaki mbele ya mahakimu, naye akavumilia. Alifariki Rouen siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 7 Aprili 1719. Papa Leo XIII alimtangaza mtakatifu mwaka wa 1900, na mwaka wa 1950 Papa Pius XII akamweka kuwa msimamizi wa walimu wote. Ndugu wa shirika lake walifika hata Kongo, wakafundisha watoto wetu.

Ninyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo, huenda kesho mtaitwa kufundisha wengine. Kumbukeni basi: wanafunzi huyatazama maisha ya mwalimu kabla ya kuyapokea maneno yake. Anayetaka kusadikiwa, ashuke kwanza, akae nao.

Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle, utuombee.