Lamartine na Bendera Nyekundu

Alphonse de Lamartine alizaliwa mwaka wa 1790 katika mji wa Mâcon, nchi ya Ufaransa. Siku zile nchi ilikuwa na msukosuko mkubwa. Baba yake, kwa kuwa alikuwa upande wa mfalme, alitiwa gerezani; lakini alitoka salama, naye Lamartine akakua katika kijiji cha Milly, akilelewa na mama yake katika kumcha Mungu.

Mwaka wa 1820 alitoa kitabu cha mashairi, na mara jina lake likavuma nchi nzima. Mwaka wa 1832 alisafiri kwenda nchi za Mashariki pamoja na mkewe na binti yao Julia, mwenye umri wa miaka kumi. Huko Beirut Julia akafa. Lamartine akarudi kwao na huzuni kubwa, akaingia katika baraza kuu la nchi, akawatetea maskini na watumwa.

Mwezi wa Februari 1848 watu wa Paris walimfukuza mfalme Louis-Philippe. Watu wachache wakashika serikali kwa muda, na Lamartine alikuwa mmoja wao. Tarehe 25 makutano wenye silaha wakaizunguka nyumba ya baraza la mji, wakitaka bendera ya taifa ishushwe, itwekwe bendera nyekundu. Lamartine akawatokea mikono mitupu. Akawakumbusha ya kuwa bendera ya rangi tatu imeliletea taifa sifa duniani kote, bali ile nyekundu imeandamana na damu ya raia tu. Wakamsikiliza, hasira zao zikapoa, na bendera ya rangi tatu ndiyo ya Ufaransa hata leo.

Kesho yake serikali ikaondoa adhabu ya kifo kwa makosa ya siasa. Tena tarehe 27 Aprili ikatangaza mwisho wa utumwa katika makoloni yake. Victor Schoelcher ndiye aliyeishughulikia sana kazi hiyo, na Lamartine alitia sahihi. Watumwa wapata 250,000 wakawa huru; miongoni mwao walikuwamo watu waliotolewa pwani ya Afrika ya Mashariki wakapelekwa kisiwa cha Réunion.

Lakini sifa za watu hazidumu. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule, rais alipochaguliwa, Louis-Napoléon Bonaparte alipata kura zaidi ya 5,000,000. Lamartine hakupata hata 20,000. Mwaka wa 1851 Bonaparte akajitwalia mamlaka yote, na Lamartine akaacha mambo ya serikali. Madeni yakamwelemea, hata akauza nyumba yake ya Milly. Akaandika kitabu juu ya kitabu, apate kuwalipa waliomdai. Kalamu iliyompa sifa ujanani ikawa jembe lake uzeeni.

Alikufa Paris tarehe 28 Februari 1869, akazikwa Saint-Point, karibu na mama yake na Julia. Watu walikuwa wamemsahau upesi. Lakini wale waliofunguliwa minyororo hawakurudi utumwani tena.