Mmisionari Ewald Ovir na Usiku wa Akeri (1873–1896)

Miongoni mwa majina yanayotajwa kila historia ya Injili katika nchi ya Meru na Arusha inaposimuliwa, la Ewald Ovir hutangulia. Hakupata kubatiza mtu hata mmoja katika nchi hii, wala hakujenga kanisa. Alikaa chini ya mlima Meru kwa siku chache tu. Hata hivyo, kifo chake kimewaachia Wakristo wa hapa swali zito: je, mtu anapoomba ulinzi wa Mungu, anaomba nini hasa?

Ewald Ovir alizaliwa mwaka 1873 huko Estonia, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Urusi. Alilelewa katika imani ya Kilutheri, akapata mafunzo ya kazi ya Injili katika Misioni ya Leipzig nchini Ujerumani. Misioni hiyo ilikuwa imeanza kazi Uchaggani mwaka 1893. Mwaka 1895 Ovir alitumwa huko, naye Karl Segebrock kutoka nchi jirani ya Latvia akawa mwenzake kazini.

Ovir alikuwa kijana mwenye bidii ya kujifunza lugha. Alitambua ya kuwa asiyesikiliza watu hana haki ya kuwahubiria. Kwa hiyo aliketi na Wachagga, akasikiliza hadithi zao na vitendawili vyao, akaviandika. Kazi hiyo ilichapishwa Ujerumani mwaka 1897, mwandishi wake akiwa amekwisha kulala kaburini.

Mwezi Oktoba 1896 Ovir na Segebrock walivuka kwenda Meru kutafuta mahali pa kuanzisha kituo. Waliongozana na wasaidizi wa Kichagga. Mangi Matunda wa Meru aliwapokea, nao wakapiga hema Akeri. Lakini hawakuwa wageni pekee katika nchi siku zile. Karibu nao alikuwa amepiga kambi Kapteni Kurt Johannes pamoja na askari wa serikali ya Kijerumani. Kwa macho ya vijana wapiganaji wa Meru na Arusha, Mzungu mwenye Biblia na Mzungu mwenye bunduki walikuwa wametoka njia moja na kuja kwa shauri moja. Waliona nchi yao inataka kuchukuliwa, wakaamua kuilinda.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896 wapiganaji waliizunguka kambi ya wamisionari. Ovir na Segebrock waliuawa kwa mikuki, pamoja na baadhi ya wenzao wa Kichagga. Ovir alikuwa na umri wa miaka 23. Baada ya hapo wapiganaji waliishambulia kambi ya askari, ila huko walirudishwa nyuma kwa risasi.

Kila Mlutheri aliyefundishwa Katekisimo Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529 anaijua sala ya jioni iliyomo, ambayo ndani yake mwamini huikabidhi roho na mwili wake kwa Mungu na kuomba malaika mtakatifu awe pamoja naye. Watu waliolelewa katika sala hiyo waliuawa usiku. Je, haikusikiwa?

Kanisa halikulijibu swali hili kwa haraka, wala haifai kulijibu kwa wepesi. Bwana Yesu mwenyewe aliomba Gethsemane kikombe kiondolewe, nacho hakikuondolewa. Alipowaombea wanafunzi wake, hakuomba waondolewe ulimwenguni, bali walindwe na yule mwovu. Huo ndio ulinzi wa sala: moyo wa mwamini usitekwe na hofu, wala na chuki, wala na kisasi. Mwili waweza kuanguka, na mtu akabaki mikononi mwa Mungu.

Ulinzi wa aina nyingine ulionekana mara moja baada ya mauaji yale. Kapteni Johannes alirudi na jeshi. Watu wengi wa Meru na Arusha waliuawa, mifugo ikatekwa, migomba ikaharibiwa. Mwaka 1900 viongozi wa Meru na Arusha walinyongwa Moshi pamoja na Mangi Meli. Bunduki ilinyamazisha nchi, lakini haikuleta amani mioyoni, nayo iliifanya njia ya Injili kuwa nzito zaidi.

Wamisionari wa Leipzig wangeweza kuifuta nchi hii katika mipango yao. Badala yake waliendelea kuiombea. Mwaka 1902 Mmisionari Krause alianzisha kituo Nkoaranga, si mbali na Akeri, na mwaka 1904 kazi ikaanza Ilboru kwa Waarusha. Watoto wa nyumba zilizofiwa mwaka 1896 waliketi darasani mbele ya ndugu wa kazi wa wale waliouawa. Kila upande ulikuwa na damu ya kudai. Taratibu, kwa miaka mingi, watu wa pande zote mbili walikutana mbele ya madhabahu moja. Wamisionari walipofukuzwa nchini mwaka 1920, walimu Waafrika ndio walioendelea kuyaongoza makusanyiko na kuyaombea.

Leo Dayosisi ya Meru na Dayosisi ya Kaskazini Kati ni matunda ya mashamba hayo, na Akeri ni mahali pa kumbukumbu. Anayefika pale na asimame kimya, awakumbuke Ovir, Segebrock na wenzao Wachagga, ambao majina yao hayatajwi mara nyingi. Awakumbuke pia Wameru na Waarusha waliokufa katika kisasi kilichofuata. Kisha na aiombe sala yake ya jioni akijua anachokiomba: si ahadi ya kutoguswa na mkuki, bali kuwa wa Bwana kukipambazuka na kusipopambazuka.