John Wesley

John Wesley (Epworth, Uingereza, 28 Juni 1703 – London, 2 Machi 1791) alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza (Anglikana), mhubiri na mwandishi. Pamoja na mdogo wake Charles Wesley, mtunzi maarufu wa tenzi, alianzisha harakati ya Wamethodisti, ambayo baadaye ilizaa madhehebu mbalimbali ya Kiprotestanti yenye waumini duniani kote.

Anajulikana pia kwa mafundisho yake juu ya fedha. Alifundisha kwamba Mkristo anapaswa kufanya kazi kwa bidii ili apate, kutumia kwa kiasi ili abakize, na kutoa kinachobaki kwa wenye kuhitaji. Mwenyewe alishika kanuni hiyo kwa takriban miaka 60. Hata hivyo, katika uzee wake aliona kwamba wafuasi wake wengi walizipenda sehemu mbili za kwanza na kuiacha ya tatu.

Utoto

John alikuwa mtoto wa 15 kati ya watoto 19 wa Samuel Wesley, kasisi wa Epworth katika wilaya ya Lincolnshire, na mkewe Susanna. Karibu nusu ya watoto hao walifariki wakiwa wachanga.

Familia ilisumbuliwa na madeni. Mwaka 1705, John alipokuwa na umri wa miaka 2, baba yake alikamatwa kwa deni la takriban pauni 30 akafungwa kwa miezi kadhaa katika ngome ya Lincoln, kwa kuwa sheria za wakati huo ziliruhusu mdaiwa kuwekwa gerezani. Mwaka 1709 nyumba yao iliteketea kwa moto, na John aliokolewa kupitia dirisha la juu muda mfupi kabla paa halijaanguka.

Susanna aliwafundisha watoto wake nyumbani kwa ratiba kali, na mazoea hayo ya kupanga kila saa John aliyaendeleza maisha yake yote. Mwaka 1714 alipelekwa shule ya Charterhouse huko London, na mwaka 1720 aliingia Christ Church katika Chuo Kikuu cha Oxford.

Oxford

Wesley alipewa ushemasi mwaka 1725 na ukasisi mwaka 1728. Mwaka 1726 alichaguliwa kuwa mmojawapo wa walimu wa Lincoln College, nafasi iliyompa posho ya kila mwaka.

Kuanzia mwaka 1729 aliongoza kikundi cha wanafunzi kilichoanzishwa na Charles. Walisoma Biblia pamoja, walifunga, na walitembelea wagonjwa, maskini na wafungwa, wakiwemo waliofungwa kwa ajili ya madeni madogo. Wenzao waliwadhihaki kwa kuwaita Wamethodisti, yaani watu wa kufuata utaratibu, na jina hilo likabaki.

Katika hubiri aliloliandika baadaye kuhusu mavazi, Wesley alisimulia tukio la miaka hiyo. Siku moja ya baridi kali alijiwa na msichana fukara, mmoja wa wale waliosaidiwa na kikundi, akiwa amevaa gauni jepesi la kitani. Alipotia mkono mfukoni ili ampe fedha za kununua nguo, alikuta karibu hakuna kitu, kwa sababu alikuwa amenunua picha za kupamba kuta za chumba chake. Alijiuliza kama Mungu angeweza kufurahishwa na matumizi hayo, akaona kwamba zile picha zilikuwa zimenunuliwa kwa damu ya binti huyo.

Katika hubiri lingine alimtaja kijana wa Oxford, ambaye wengi wanaamini ni yeye mwenyewe. Mwaka wa kwanza kijana huyo alipata pauni 30, akaishi kwa pauni 28 na kutoa 2. Mwaka wa pili alipata pauni 60, lakini aliendelea kuishi kwa pauni 28 na kutoa 32. Mwaka wa tatu alipata 90 akatoa 62, na mwaka wa nne alipata 120 akatoa 92. Mapato yake yaliongezeka mara nne, lakini matumizi hayakuongezeka hata kidogo.

Marekani na uongofu

Mwaka 1735 Wesley alisafiri kwenda koloni la Georgia, Amerika Kaskazini, akiwa mmisionari. Kazi yake huko haikufanikiwa, na mwishoni mwa mwaka 1737 alianza safari ya kurudi Uingereza akiwa amevunjika moyo. Katika safari hiyo ya Amerika aliona pia utumwa wa Waafrika, jambo ambalo hakulisahau.

Tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano wa sala mtaa wa Aldersgate, London, alisikia yakisomwa maneno ya Martin Luther juu ya Waraka kwa Warumi, akapata hakika kwamba Kristo amemsamehe dhambi zake. Tangu hapo alifundisha kwamba wokovu hupatikana kwa imani na si kwa matendo. Kutoa sadaka hakukuwa tena njia ya kujistahilisha mbele za Mungu, bali tunda la upendo uliokwisha kupokewa.

Mhubiri wa maskini

Mwaka 1739, kwa kuombwa na rafiki yake George Whitefield, alianza kuhubiri nje, karibu na Bristol, ambako wasikilizaji wake wengi walikuwa wachimba makaa ya mawe wa Kingswood. Kwa zaidi ya miaka 50 alizunguka Uingereza, Wales, Uskoti na Eire, mara nyingi juu ya farasi.

Mpangilio muhimu zaidi wa Wamethodisti ulitokana na deni. Jumba lao la kwanza huko Bristol lilikuwa halijalipiwa lote, na katika mkutano wa Februari 1742 mjumbe mmoja alipendekeza kila mwanachama atoe peni 1 kwa wiki. Ilipopingwa kwamba wengine ni maskini mno, alijitolea kusimamia watu 11 walio maskini zaidi na kuwalipia wale wasioweza. Wengine walifuata mfano wake. Viongozi waliozunguka kukusanya peni waligundua hali halisi ya kila nyumba: mgonjwa, mlevi, aliyekosa kazi. Hivyo makundi ya kuchangia yakawa vikundi vidogo vya malezi ya kiroho, vilivyokutana kila wiki.

Jijini London Wesley alinunua kiwanda kikuukuu cha mizinga kilichojulikana kama Foundery, akakifanya makao yake. Hapo palikuwa na ukumbi wa ibada, shule ya watoto maskini na nyumba ya wajane. Mwaka 1746 aliongeza huduma mbili:

– Zahanati iliyotoa dawa bure kwa maskini. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha tiba za nyumbani kwa bei nafuu, ambacho kilirudiwa kuchapwa mara nyingi.

– Mfuko wa mikopo. Wesley alizunguka kwa marafiki akikusanya mtaji, na mtu mwenye shida aliweza kukopa hadi shilingi 20 na kuzirudisha ndani ya miezi 3. Lengo lilikuwa kumwezesha fundi au mchuuzi kuendelea na kazi yake bila kuangukia mikononi mwa wakopeshaji wa riba kubwa. Baadaye kiwango cha mkopo kiliongezwa. Miongoni mwa walionufaika ni fundi viatu James Lackington, aliyekopa pauni 5 na hatimaye akawa mmojawapo wa wauza vitabu wakubwa wa London.

Mafundisho juu ya fedha

Hubiri lake mashuhuri kuhusu matumizi ya fedha lilichapishwa mwaka 1760. Msingi wake ni Injili ya Luka 16:9, mwishoni mwa mfano wa wakili dhalimu. Wesley hakuona fedha kuwa mbaya zenyewe. Alisema kwamba mikononi mwa wamchao Mungu ni chakula kwa mwenye njaa, nguo kwa aliye uchi na mahali pa kulala kwa mgeni. Alitoa kanuni tatu.

Ya kwanza ni kupata kadiri mtu awezavyo, lakini kwa mipaka. Mtu asipate fedha kwa kuharibu afya yake, kwa kuivunja dhamiri yake, wala kwa kumwumiza jirani. Hivyo alikataza riba ya kunyonya, kuuza bidhaa chini ya bei ya soko ili kumwangusha mfanyabiashara mwenzake, na biashara ya pombe kali.

Ya pili ni kuweka akiba kadiri iwezekanavyo. Kwake, neno hilo lilimaanisha kutotumia fedha kwa anasa, mapambo na kujionyesha. Hakumaanisha kulimbikiza. Alionya pia dhidi ya kuwaachia watoto urithi ambao wangeutumia vibaya.

Ya tatu ni kutoa kadiri iwezekanavyo, na bila hiyo mbili za kwanza hazina maana. Mtu ni wakili wa mali ya Mungu, si mwenyewe. Basi kwanza ajipatie mahitaji yake na ya nyumba yake, kisha awasaidie waumini wenzake, halafu watu wote. Wesley hakutosheka na fungu la kumi, kwa kuwa aliona kwamba baada ya mahitaji ya lazima vyote vilivyobaki ni vya wahitaji.

Alikataa pia wazo kwamba maskini ni maskini kwa uvivu wao tu. Katika andiko la mwaka 1773 juu ya uhaba wa chakula alitaja sababu za kiuchumi, kama vile nafaka nyingi kutumika kutengeneza pombe kali, na anasa za matajiri. Mwaka 1774 alichapisha kitabu dhidi ya utumwa, akisema kwamba hakuna faida inayoweza kuhalalisha udhalimu.

Maisha yake binafsi

Mwaka 1751 Wesley alimwoa Mary Vazeille, mjane wa mfanyabiashara, aliyekuwa na mali ya takriban pauni 10,000. Kabla ya ndoa alihakikisha kisheria kwamba mali hiyo inabaki ya Mary na watoto wake. Ndoa yenyewe haikuwa na furaha, kwa kuwa Wesley alikuwa safarini karibu daima, na hatimaye walitengana. Hawakupata watoto.

Vitabu vyake vingi, vilivyouzwa kwa bei ndogo ili maskini wavimudu, vilimletea mapato makubwa ambayo hakuyatarajia. Aliyatoa karibu yote. Mwaka 1776 maofisa wa ushuru walimwandikia wakidhani kwamba ameficha vyombo vya madini ya fedha visitozwe kodi. Aliwajibu kwamba ana vijiko viwili London na viwili Bristol, na kwamba hatanunua vingine wakati watu wengi kandokando yake wanakosa mkate.

Januari 1785, akiwa na umri wa miaka 81, aliona kwamba maskini wa London walihitaji nguo, si makaa na mkate tu. Kwa siku 5 alitembea mitaani akiomba michango, miguu ikizama katika maji ya theluji tangu asubuhi hadi jioni. Alipata pauni 200, kisha akaugua.

Wasiwasi wa uzeeni

Kadiri miaka ilivyopita, Wamethodisti wengi waliacha ulevi, wakafanya kazi kwa bidii na kuishi kwa kiasi, na kwa sababu hiyo wakatajirika. Katika andiko la mwaka 1786 Wesley alieleza tatizo hilo waziwazi: dini ya kweli huleta bidii na kiasi, hivyo viwili huleta utajiri, na utajiri huleta kiburi na kuipenda dunia, hata dini yenyewe ikafifia. Njia pekee aliyoiona ni kwamba wanaopata na kuweka akiba watoe vilevile. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanasosholojia Mjerumani Max Weber alilitumia andiko hilo katika utafiti wake maarufu juu ya Uprotestanti na ubepari.

Mwaka 1789 Wesley alilalamika kwamba wengi walishika kanuni ya kwanza, wachache ya pili, na ni vigumu kumpata anayeishika ya tatu. Alirudia onyo hilo katika hubiri la mwaka 1790 juu ya hatari ya kuongezeka kwa mali. Baadhi ya wasikilizaji waliona masharti yake ni makali mno kwa watu wenye familia, lakini hakuyalegeza.

Kifo

Julai 1790 alifunga daftari lake la hesabu, kwa kuwa mkono ulikuwa hauwezi tena kuandika vizuri. Tarehe 24 Februari 1791 aliandika barua kwa mbunge William Wilberforce, akimtia moyo katika kupinga biashara ya watumwa. Alifariki tarehe 2 Machi nyumbani kwake City Road, London, akiwa na umri wa miaka 87.

Katika wosia alikataza gari la maziko na fahari yoyote. Aliagiza mwili wake ubebwe na maskini 6, kila mmoja apewe pauni 1. Vitabu vilivyobaki aliviacha kwa ajili ya kazi ya wahubiri. Wakati huo Wamethodisti wa Uingereza na Eire walikuwa zaidi ya 70,000.

Urithi

Wesley alikufa akiwa bado kasisi wa Kianglikana. Kanisa la Uingereza humkumbuka pamoja na Charles tarehe 24 Mei.

Katika Afrika Mashariki Wamethodisti walifika mwaka 1862, wakati wamisionari wa kwanza, akiwemo Thomas Wakefield, walipoletwa na Ludwig Krapf hadi pwani ya Kenya, wakaanzisha kituo cha Ribe karibu na Mombasa. Kanisa la Methodisti nchini Kenya lilipata kujitegemea mwaka 1967.

Kanuni zake tatu bado zinafundishwa katika makanisa mengi. Mara nyingi mbili za kwanza hutajwa kama mashauri ya kujiendeleza kiuchumi. Kwa Wesley zilikuwa njia tu ya kuifikia ya tatu.